Majani ya Minyoo

Juzi, hapa Nshambya, mjukuu wangu alimwuliza mama yake watoto wanatoka wapi. Akafinywa mdomo. "Koma!" Nilimwita kwangu nimjibu mimi, lakini kabla sijafungua kinywa ikanijia harufu ya kahawa inayokauka mkekani, na mchana ule wa utoto wangu kule Kashozi.

Baba alikuwa kwenye mkutano wa kijiji cha ujamaa. Dada yangu Adventina alikuwa amerudishwa kutoka shuleni katikati ya muhula, akawa anashinda ndani, amejifunga kanga mbili. Nilimwuliza mama kwa nini tumbo la dada limevimba.

"Ana minyoo," alisema, akiendelea kumenya ndizi.

Minyoo niliijua. Nilikimbilia kibanjani, nyuma ya migomba, nikachuma yale majani machungu tuliyonyweshwa sisi watoto, nikampelekea dada. Aliyatazama, kisha akanitazama mimi.

"Kachume mengine," alisema taratibu. "Mengi."

Nikajaza kikapu, nikiimba. Nilisikia akiyatwanga mwenyewe.

Asubuhi nilimkuta mama akizoa nyasi za sakafuni zilizolowa, akitandika mpya. Kwetu nyasi mpya zilikuwa za sikukuu, basi nikaoga, nikakaa mlangoni kungoja wageni. Walikuja kweli, wakilia.

Leo najua dada alikuwa na mimba, na najua alivyoogopa. Mama aliishi miaka mingi baadaye. Hadi anakata roho, kila aliyemwuliza alimjibu kwamba binti yake aliuawa na minyoo.