Tairi Mbili Mpya za Vehid

Vehid aliamka amechoka, na hiyo haikuwa habari. Tangu mkewe afariki alikuwa akiamka amechoka, akinywa kahawa amechoka, akiendesha teksi amechoka. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha juu ya Sarajevo, na alipochungulia dirishani hakuliona gari lake, aliona kichuguu cheupe chenye kioo cha pembeni kilichochomoza. Akasonya. Siku nyingine angerudi kitandani, ajifunike gubigubi. Lakini leo ilikuwa Jumatano, na Jumatano ni siku ya Bi Zumra.

Bi Zumra alikaa juu kabisa ya kilima, pale ambapo barabara hukata tamaa ikawa ngazi. Figo zake zilikuwa zimegoma, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ilibidi afike hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Kukosa siku moja ni kuvimba. Kukosa zaidi ni kutafutiwa sanda. Teksi nyingine zikisikia jina la mtaa ule wakati wa theluji, simu hukatika yenyewe. Vehid hakuwahi kumwacha hata mara moja, na hilo ndilo jambo pekee alilobaki nalo la kujivunia. Binti yake aliyeko ughaibuni, mjini Graz, akimbembeleza ahamie kwake, jibu lilikuwa lile lile: "Na Bi Zumra nimwachie nani?"

Gari lenyewe aliletewa na mkwewe, Nermin, wakati wa kiangazi. Lilisukumwa na tairi za nyuma, kama magari yote aliyowahi kuendesha, ila hili lilikuwa na kompyuta ya kuzuia tairi zisizunguke bure.

"Baba, taa ya njano ikiwaka, usibabaike," Nermin alimwambia. "Tairi ikianza kuteleza, kompyuta inaikamata na kupunguza nguvu ya injini. Ila haina miujiza. Wakati wa baridi weka tairi za theluji zote nne."

"Nne za nini? Za nyuma ndizo zinazofanya kazi. Za mbele zipozipo tu, kama mimi nilivyokuwa sokoni na mama mkwe wako."

Nermin alicheka, na laiti asingecheka. Vehid alikwenda akanunua tairi mbili mpya za theluji, akazifunga nyuma, akatupia gunia la makaa ya mawe kwenye buti ili gari likalie mkia, kama walivyofanya madereva wote wa rika lake. Mbele akaacha zile zile zilizokuja na gari, zilizolika zikawa laini kama kisogo cha mtoto. Sikio la kufa halisikii dawa.

Basi asubuhi hiyo akalifukua gari, akawasha, akaanza kupanda. Katika mtaa ule kila nyumba humwaga majivu ya jiko lake barabarani mbele ya lango lake ili pasiteleze, kabla hata ya chai. Hakuna aliyewaamuru, asiyemwaga husemwa mpaka aone haya. Gari lilipanda juu ya majivu hayo bila ubishi. Taa ya njano ikawa inakonyeza, injini inajizuia na kuendelea, na Vehid akajisikia kijana kidogo.

Karibu na juu theluji ilikuwa nene, na hapo kompyuta ikazidisha uangalifu: kila tairi ilipotaka kuzunguka, injini ilibanwa, mpaka gari likasimama kabisa. Munib, jirani mwenye ulimi, aliegemea koleo lake akitazama.

"Vehid, bado hujafa tu?"

"Nimechoka mno, Munib. Kufa nako kunataka nguvu."

Akabonyeza swichi ya kuizima ile kompyuta. Tairi za nyuma zikazunguka, zikachimba, zikapata pa kushika, na gari likapanda likirusha theluji mpaka kwenye viatu vya Munib. Alipofika kwa Bi Zumra aliiwasha tena, akateremka akiwa na tabasamu ambalo hakuwa amelivaa siku nyingi.

Bi Zumra alikuwa mlangoni na kimfuko chake, amejifunga mashuka na mashali. "Nilijua utakuja," alisema.

"Ningekwenda wapi?"

Kushuka ni jambo jingine. Mtu akiwa anashuka hakanyagi mafuta, na pasipo mafuta ile kompyuta haina cha kupunguza. Kinachobaki ni tairi na breki. Vehid alijua hivyo, maana si mjinga. Alishuka polepole mpaka kwenye kona ya nyumba ya Hajro, jirani wa siku nyingi, akakanyaga breki pale pale alipokuwa akikanyagia miaka yote, kwenye majivu ya Hajro.

Majivu hayakuwapo. Hajro alikuwa amehamia Uswidi kwa mwanawe tangu majani yalipopukutika, na Vehid mwenyewe ndiye aliyempeleka kituoni. Jiko la nyumba ile lilikuwa limezimika, lango limefungwa, na barabara mbele yake ilikuwa barafu tupu. Kichwa kilijua, ila mguu haukuambiwa. Akakata usukani. Tairi za nyuma ziliuma barabara, za mbele hazikumsikia, na gari likaenda moja kwa moja, polepole kiasi cha mtu kusoma shahada yote, likagonga ukuta wa Hajro.

"Bi Zumra! Umeumia?"

"Sijaumia." Alikuwa ameshakamata kitasa cha mlango. "Niteremshe, Vehid."

Munib alikuja na kigari cha kuburuta kwenye theluji, cha mbao. Hakutania, na hilo lilimwuma Vehid kuliko matusi. Wakamkalisha bibi, Munib akavuta kamba mbele, Vehid akakizuia kwa nyuma kisiteremke kwa kasi. Njiani Bi Zumra alipiga simu, akasema maneno machache. Walipofika barabara kuu, gari la hospitali la kubebea wagonjwa lilikuwa linaingia.

Vehid alilitazama. "Hili linakuja mpaka hapa?"

"Linakuja tangu zamani. Majirani walisema watakuwa wananishusha."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Bi Zumra alivuta shali lake. "Mkeo alipofariki ulikuwa huamki, Vehid. Mapazia yamefungwa mpaka adhuhuri. Nikasema, huyu naye apate pa kwenda." Akamshika mkono. "Lakini leo nimeogopa. Na si leo tu. Kila theluji ninaogopa kona ile, nakaa kimya. Nimezeeka, sina nguvu ya kuogopa tena."

"Ijumaa nitakuwa nimeshaweka tairi zote nne."

"Ijumaa lala, mwanangu."

Dereva alimsaidia kupanda, mlango ukafungwa, na gari likaondoka. Munib aliokota kamba ya kigari akaanza kurudi juu. Vehid alibaki ukingoni mwa barabara, akiusubiri uchungu wa kuachwa, maana alijua lazima utakuja. Uliokuja kwanza ni unafuu: mwili mzima ulilegea, kama mtu aliyeambiwa aweke mzigo chini. Akaona aibu mpaka machozi yakamtoka, na bado hakutaka kumwita yule bibi arudi.