Usingizi wa Mchana wa Baba

Siku hizi nalala na mashine. Inanisukumia hewa puani kupitia barakoa ili koo lisijifunge nikiwa usingizini, na kelele yake haifiki hata ya feni. Daktari wa Morogoro mjini aliponiuliza kama kwetu kuna mwingine aliyekuwa na tatizo hili, nilimtaja baba, na hasira ya zamani ikanipanda upya.

Zama za Ujamaa, kijijini kwetu milimani Uluguru, kusinzia mchana lilikuwa kosa la siasa. Baba alisinzia mkutanoni, alisinzia kanisani, alisinzia hata akiwa ameegemea jembe kwenye shamba la kijiji. Pombe hakuigusa, lakini walimwita kupe, mnyonya jasho la wenzake. Mwenyekiti alimsimamisha mbele za watu kama mtoto wa shule. Mpaka leo inaniuma.

Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Baba alilima kwa wakwe zake, na mume mvivu huweza kurudishwa kwao. Ndiyo maana mjomba, kaka mkubwa wa mama, alikuja adhuhuri moja akiwa amenuna. Tulimwamkia, akaitikia kwa shida. Alimwambia mama kwamba ukoo umechoka kuaibishwa, shemeji afungashe vyake.

Mama hakubishana. Alisema baba hashibi usingizi kwa sababu kila akilala pumzi hukatika, na yeye humtikisa ili irudi. Mjomba akacheka, akasema hajapata kusikia ugonjwa wa kukoroma. Mama akampa kigoda, akamwomba asubiri baba arudi kutoka shamba, ale, ajilaze, ajionee mwenyewe.

Baba alianza kukoroma mara tu alipogusa mkeka. Mjomba akatabasamu kwa dharau. Halafu kukawa kimya. Kifua cha baba kilihangaika bila hewa kuingia, midomo ikaanza kubadilika rangi. Mama alikaa makusudi bila kumtikisa, vidole vikiifinya kanga yake. Mjomba alimtazama mama, akamtazama baba, kisha akaruka kutoka kwenye kigoda, akamshika shemeji yake mabega na kumtikisa kwa nguvu zote. Baba akavuta pumzi kwa kishindo, akafumbua macho, akamwona mkubwa wake na kumpa shikamoo.

Habari za kufungasha ziliishia hapo. Mjomba alikaa chini akihema kuliko mgonjwa. Kisha akamgeukia mama.

"Miaka yote hii," akauliza, "wewe unalala saa ngapi?"

Mama alifungua mdomo amjibu. Yakaja machozi, na sisi watoto hatukuwa tumewahi kumwona akilia.