Pole ya Mama Frida

Avelina anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Penrith, ughaibuni. Huwaogesha, huwageuza kitandani, na wengine huwasikiliza mpaka wasinzie. Kanisani wanamwita Mama Frida, kwa jina la binti yake wa pekee, aliye mwaka wa mwisho wa sekondari.

Mwaka jana Frida alichelewa kurudi kutoka mjini. Treni zilivurugika, simu yake ikaisha chaji, na mama mtu akabaki dirishani. Wiki ile ile Avelina aliichukua simu ya binti, eti ikabadilishwe kioo, akaipeleka Bankstown kwa Innocent, fundi simu Mtanzania, aiwekee programu ya kumfuatilia.

"Dada, unamchunguza mtoto au mume?"

"Ningekuwa na mume ningehangaika na treni mpaka huku?"

Innocent alicheka, kisha akaacha. "Hii programu haionyeshi alipo tu. Inaonyesha hata anachoandika."

"Nataka kujua alipo, basi."

"Basi huko kwingine usifungue."

"Nifungue ya nini?"

Mwanzoni aliangalia ramani tu. Alama ya buluu ilitoka Parramatta ikaja nyumbani, na moyo wake ukatulia. Kisha siku moja ya mvua, kazini, wakati wa chai, alifungua ujumbe. Frida, ambaye mezani humjibu mama yake kwa maneno mawili matatu ya Kiingereza, alikuwa na mengi ya kumwandikia rafiki yake Nella. Kijana aitwaye Calvin alikuwa amemwacha. Frida alilia bafuni, bomba likiwa wazi, ili asisikike.

Kwao Avelina, Bukoba, mwenye uchungu huendewa. Anayejua akanyamaza huhesabiwa kuwa amefurahi. Alijikaza mpaka Jumamosi. Alikuwa akimenya ndizi Frida alipoingia jikoni, macho yamevimba.

"Pole, mwanangu."

"Ya nini?"

"Ya Calvin."

Frida hakupiga kelele. Aliitazama simu iliyokuwa mkononi mwake, halafu akamtazama mama yake.

"Unasoma."

"Ni kwa usalama wako."

"Na ya Nella umesoma?"

Avelina alichukua ndizi nyingine. Nella alikuwa ameandika habari za baba yake, mambo ambayo familia ile ya Kirundi haikuwa imemwambia hata mchungaji. Tangu ayasome, Avelina alimsalimia mama yake Nella kanisani huku akitazama viatu.

"Mimi ni mtoto wako," Frida alisema kwa Kiingereza, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Nella ni wako? Mwambie mwenyewe kwamba umesoma."

"Atanichukia. Na wewe hatakuamini tena."

"Najua."

"Nisipomwambia?"

"Sitakuambia kitu tena maishani. Utakuwa unasoma tu."

Avelina aliweka kisu chini. Aliosha mikono, lakini utomvu wa ndizi hautoki kwa maji matupu. Vidole vilibaki vyeusi, vikinata.

"Mpigie wewe," alisema. "Mikono yangu michafu."

Frida alipiga, akaweka spika, akaishika simu katikati yao. Sauti ya Nella ilikuja na kicheko, ikidhani inaongea na mwenzake.

"Nella, mwanangu," Avelina alisema. "Ni Mama Frida. Usikate kwanza."