Ndugu Wakazi

Serikali ina sauti, na mtaani kwetu sauti hiyo ni ya shangazi yangu. Sisemi kwa mafumbo. Manispaa ikitaka kukata maji, kuchanja watoto au kukataza watu kutupa taka mtaroni, humkabidhi shangazi kipaza sauti cha mkononi, naye huzunguka vichochoro kwa miguu akitangaza. Watu wamempa jina la Mama Spika. Akikaribia genge la nyanya utasikia, "Simameni, Spika anaingia bungeni!" Naye hujibu hapo hapo, bila kukizima chombo, "Bunge gani hili, wabunge hawajanawa hata uso?"

Mtaa wetu uko bondeni, nyuma ya viwanda. Wa kwanza kuhamia waliletwa kuvijenga viwanda hivyo. Hakuna aliyewauliza watalala wapi, basi wakajijengea na vyumba. Mji ukakua, ukatuzunguka pande zote bila hata hodi. Leo tuna shule, tuna zahanati, tuna nguzo za umeme. Ushuru wa soko tunautoa kila asubuhi, na kura zetu zinatafutwa kwa nyimbo na fulana. Lakini kwenye ramani ya mipango miji bonde letu limepakwa rangi ya kijani, maana yake hapaishi mtu. Miaka yangu yote ya chuo nilifundishwa kuhusu ukuaji wa miji, na hakuna mhadhara uliowahi kunichoma kama rangi ile. Dola haihitaji bunduki kumfuta mtu. Kalamu ya rangi inatosha.

Shangazi ana namna yake ya kufanya kazi. Tangazo lolote hulijaribu kwanza kwa bibi, mama yake mzazi, ambaye masikio yake husikia yanachopenda. Bibi asipoelewa, maneno yanabadilishwa mpaka aelewe. Na kila tangazo huanza na "Ndugu wakazi". Manispaa haikumwagiza hivyo. Yeye mwenyewe huamini kwamba mtu ukimwita vizuri, hata habari mbaya ataisikiliza mpaka mwisho.

Siku moja afisa wa mipango miji, kijana mwenye viatu visivyojua tope, alimwita ofisini. Barabara kuu ya kuunganisha viwanda na mkoa wa jirani ingepita bondeni.

"Tangazo lenyewe fupi tu, mama. Sema: wavamizi wote wa bondeni wanaamriwa kuondoka kabla ya mwisho wa mwezi. Basi."

"Wavamizi gani, mwanangu?"

"Si hao wa huko bondeni."

"Mbona na mimi nakaa huko?"

Afisa akakohoa. "Wewe mtumishi, mama. Wewe suala lingine."

Shangazi alirudi nyumbani. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na bibi, na nyumba ile ndiyo pekee waliyokuwa nayo. Akitangaza, anajifukuza mwenyewe. Asipotangaza, atatangaza mwingine, na yeye atabaki hana kazi wala nyumba. Akasimama mlangoni kama kawaida yake, akalijaribu tangazo.

"Wavamizi wote wa bondeni..."

"Wavamizi!" Bibi aliruka kitini kama msichana. "Wamevamia kwa nani? Fungeni mlango! Leteni panga!"

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikakatika, akajifuta macho kwa upindo wa khanga, akatoka.

Yaliyofuata, mwenyewe huapa hakuyapanga. Alifika kwenye kona ya seremala, akabonyeza kitufe, na mdomo ukajiendea kwa mazoea. "Ndugu wakazi! Manispaa inawaamuru muondoke bondeni kabla ya mwisho wa mwezi!"

Seremala, jirani yetu aliyewahi kukaa kwenye kamati ya kata, aliweka randa chini. "Rudia hapo mwanzo, Mama Spika. Umetuita nani?"

"Nimewaita nilivyowaita."

"Umesema wakazi. Mvamizi huondolewa na tingatinga, hiyo naijua. Mkazi hagusiki mpaka baraza la mji limsikilize na kumtafutia pa kwenda. Hiyo nayo ni sheria yao wenyewe. Na wewe ndiyo sauti yao."

Neno likaenea mtaani haraka kuliko moshi. Jioni afisa alimpigia shangazi simu akifoka. Kesho asubuhi apite tena, arekebishe neno lile kila mlango, la sivyo arudishe kipaza sauti.

Asubuhi alivaa gauni lake la harusi za watu, akatoka. Nilidhani amesalimu amri, na nikamkasirikia moyoni. Kumbe sikumjua shangazi yangu.

"Jana nilikosea," alitangaza. "Niliwaita wakazi. Ofisi imeniagiza nisahihishe. Mvamizi seremala, umeamkaje? Mvamizi muuza nyanya, ushuru wa leo umeshalipa? Wavamizi wadogo, wahini shule mliyojengewa na wavamizi baba zenu! Mvamizi muuguzi, zahanati haijafunguliwa, wavamizi wagonjwa wanakusubiri!"

Mwanzoni watu walicheka. Muuza nyanya aliinama akishika mbavu. Lakini alipofika mlango wa mzee aliyepoteza vidole kiwandani, akamwita naye mvamizi, kicheko kiliisha. Mzee alichukua fimbo yake, akaanza kutembea nyuma ya shangazi. Wengine wakafuata. Hakuna aliyeitisha maandamano. Agizo la ofisi lilitekelezwa mlango kwa mlango, na kila mlango ukatoa watu.

Ua wa manispaa ulijaa. Afisa alitoka barazani, akajaribu kusema, sauti ikamezwa na kelele. Shangazi akapanda ngazi, akamnyooshea chombo. "Shika, mwanangu. Bonyeza hapo kwenye chekundu. Usikiweke karibu mno na mdomo, kitapiga mluzi."

Alikishika. Aliwatazama watu, na nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kuiona ile rangi ya kijani ikiwa na nyuso.

"Ndugu..." akasita.

"Maliza sentensi!" mtu mmoja akapaza sauti.

"Ndugu wakazi," akasema, na vigelegele vikamkatiza.

Baraza liliketi, likatusikiliza. Barabara itapita, ila hakuna ukuta utakaoguswa kabla mwenye nao hajapewa kiwanja kilichopimwa ng'ambo ya mtaro, na bonde lililobaki linapimwa lote. Shangazi alinyang'anywa kazi. Siku hizi kipaza sauti anacho kijana mmoja anayesoma mbio kama anakimbizwa, na watu wakishamsikia huja kumwuliza shangazi amesema nini. Wenye duka la vifaa vya ujenzi wamemkodi awatangazie bidhaa, maana sasa kila mtu anataka saruji.

Juzi wapima ardhi walifika kwetu. Chumba cha mbele kinaliwa na barabara. Nilikuwa na hotuba nzima tayari, shangazi akaninyamazisha kwa kidole.

"Barabara naitaka," alisema. "Bibi yako akiugua usiku gari lifike mlangoni. Nilichokataa ni kufagiwa."

"Umeridhika basi, mama?" mpima akamwuliza.

"Nitaridhika nikilala huko kwenye hicho kiwanja. Hebu rudi hapa kwanza na hicho kigingi chako. Choo cha jirani yangu umekiacha nje ya mpaka. Unataka akaombe ruhusa manispaa kila tumbo likimkata?"