Ng'ombe Aliyekaa Nasi

Mwalimu wetu hapa Mvumi ni Mwingereza anayeishi katika nchi inayotawaliwa na Wajerumani, kwa ruhusa yao, kama panya aliyepangishwa chumba na paka. Kwa hiyo hupenda mambo yasiyoleta matata, na kwake hakuna jambo la amani kuliko asili ya maneno.

Asubuhi ile aliandika ubaoni neno dogo la Kiingereza, "with". Akasema siku hizi maana yake ni "pamoja na", lakini zamani, mababu zao walipolitamka, lilikuwa la kupingana, mtu na mtu wamekabiliana kwa ugomvi. Miaka ikapita, neno likasahau ugomvi, likabaki na ukaribu. Alilisimulia kwa mapenzi, kama anayetaja ukoo wake.

Siku nyingine ningemuuliza kama mkewe ana habari hizo. Lakini nilikuwa nimekunywa uji wa maji matupu, na nyumbani nilimwacha mtoto wa marehemu dada yangu akinyonya kidole.

Siku mbili kabla yake, akida, msimamizi wetu aliyewekwa na Wajerumani, alikuja na askari wawili kutafuta ng'ombe wa kulisha watu wa boma lao. Ni mtu wa pwani, anavaa kanzu nyeupe katika vumbi letu jekundu. Hilo peke yake linatosha kukuonyesha akili yake. Amri ilikuwa kwamba mwenye ng'ombe watano atoe mmoja. Zizini kwetu walikuwamo watatu. Baba angenyamaza, akida angepita. Hakunyamaza.

"Wawili ni wangu," akasema. "Yule mwekundu ni wa shemeji yangu wa Makutupora."

"Shemeji mwenyewe yuko wapi?"

"Si nimekwambia, Makutupora."

"Basi ng'ombe huyu hapa hana mwenyewe." Wakamfunga kamba, huyo akaenda. Ndiye peke yake aliyekuwa na maziwa.

Kwetu Ugogo mtu hawalazi ng'ombe wake wote zizi moja. Maradhi yakiingia, au mvua ikikataa, asibaki mikono mitupu. Humpa ndugu amtunzie. Mtunzaji hunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe. Na ukiulizwa, hata na mpita njia, unamtaja mwenyewe. Anayesema "ni wangu" ni mwizi tu, tofauti yake ni kwamba kaiba mchana.

Hayo nayajua. Bado nilimwambia, "Baba, ungesema ni wako."

"Ningesemaje na si wangu?"

"Kwa mdomo, Baba. Huo huo unaolia ugali."

Akaniambia nikalete kuni.

Basi mwalimu alipotaka sentensi yenye lile neno lake, nilisimama nikatunga: ng'ombe wa mjomba, yule shemeji wa baba, alikuwa pamoja nasi, sasa yuko pamoja na masufuria ya boma. Darasa likacheka. Mimi sikucheka, nikaeleza yote. Mwalimu akafunga kitabu.

Baada ya masomo aliandika barua kwa Kiswahili, maana ndicho kinachosomwa bomani. Akaandika kwamba baba amenyang'anywa ng'ombe wake.

"Si wake, Bwana Mwalimu."

"Najua. Lakini bwana mkubwa wa boma hana subira ya kusikia habari za mashemeji. Akiona mtu ana ng'ombe watatu na kachukuliwa mmoja, atamrudisha. Baba yako aweke kidole gumba tu."

Huyu ndiye anayetuchapa kwa kusema uongo. Nikachukua barua na wino, nikakimbia kabla hajakumbuka.

Baba alisikiliza. "Soma tena pale penye 'wake'," akasema. Nikasoma. Akaficha mikono kwapani.

"Kidole kimoja tu, Baba. Mtoto analia."

"Namsikia. Kidole hiki ndicho nilichomwonyeshea mjomba wako mahali ng'ombe wake atakapolala."

Nilimkasirikia kuliko akida. Akida ni mgeni, hajui. Baba anajua, na anaacha mtoto alie kwa ajili ya neno moja.

Siku ya nne mjomba akaja. Wapita njia walikuwa wamempa habari. Alikuja akiswaga ng'ombe mweusi na ndama. Baba alimsimulia kila kitu, hata barua. Mjomba akanusa ugoro mpaka ukamwisha.

"Ungeweka kidole," akasema, "ng'ombe angerudi. Nami ningekuja leo kumwondoa." Kisha akanigeukia. "Huyu atakaa kwenu. Hapigi teke, ila hawapendi wenye maneno mengi."

Mtoto anakunywa sasa. Mimi bado nina hasira. Ng'ombe mwekundu ameliwa, akida bado anapita na kanzu yake, na baba bado anamwamkia wa kwanza. Juzi mwalimu aliniuliza barua iko wapi. Nikamjibu iko pamoja na ng'ombe, na ni kweli: ndiyo ninayofunikia kibuyu cha maziwa, nzi wasiingie.