Saga ya Mama Mkwe

Akina mama wa kanisa letu hapa Kitale waliamua kutengeneza kijitabu cha mapishi. Kila mmoja alete mapishi ya aina mbili kutoka jikoni kwake: ya afya na ya kufurahisha roho. Mwenyekiti wetu, ambaye mumewe alikuwa ameambiwa na daktari kwamba ana sukari, alilirudia hilo la afya mara mbili huku akinitazama.

"Mwalimu, si wewe umeolewa Bungoma? Tuletee mboga ya huko."

La kufurahisha roho halikunisumbua. Niliandika keki ya sufuria ya ndizi mbivu na maziwa ya mala, ile mama yangu aliyokuwa akitupikia Kachibora, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Vipimo vyake nilivijua tangu utotoni, na dakika kumi zilinitosha.

Taabu ilikuwa saga. Saga ni mboga chungu, kila mtu anajua, lakini ya mama mkwe wangu kule Chwele ni laini, ina ladha ya maziwa, na ule uchungu unausikia mwishoni tu, kidogo, ukikufanya utake tonge jingine. Nilikuwa nimeolewa miaka kumi na mmoja na sijawahi kuipika ikawa hivyo.

Basi Jumamosi moja nikapitia Kimilili hadi Chwele, nikiwa na daftari, kikombe cha kupimia na mizani ndogo ya jikoni. Mama aliitazama ile mizani nilipoiweka juu ya kinu.

"Hiyo ni ya nini?"

"Nataka kupima, Mama. Naandika kitabuni."

"Unapima mboga kama dawa ya ng'ombe?"

Alianza kupika, nami nikamfuata mkono kwa mkono. Alipotaka kutupa majani sufuriani nilimwambia angoje kwanza niyapime. Alipochukua munyu, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe ambayo hulainisha mboga, nilimshika kiwiko ili amimine kwanza kwenye kikombe changu. Alishusha pumzi. Nilipouliza maziwa ni kiasi gani, alisema, "Mpaka utosheke."

"Mama, siwezi kuandika 'mpaka utosheke'."

"Basi andika unachotaka."

Nikaandika nusu kikombe cha munyu, vikombe viwili vya maziwa, dakika arobaini. Akatupakulia saga na ugali wa wimbi, nikala nikashiba, nikarudi Kitale jioni hiyo nikijiona nimeshinda.

Nilipoipika kwangu ilitoka chungu mno. Nikarudia keshokutwa yake, nikaongeza maziwa. Chungu. Nikapunguza munyu, ikawa chungu tena na ngumu. Watoto waliisukuma pembeni ya sahani. Mume wangu, aliyelelewa na mboga hiyo, alitafuna polepole akasema, "Si mbaya," na hapo ndipo nilipokasirika kweli. Nilimpigia mama yake simu.

"Mama, kuna kitu umenificha."

"Nikufiche kwa nini? Si umepima yote?"

Siku ya kupeleka mapishi ikafika nami sina lingine. Nilipeleka vile vile. Najua ni makosa. Nilijiambia labda tatizo ni saga ya sokoni Kitale.

Kijitabu kilipotoka, keki yangu ilipikwa na kila mtu. Jumapili kanisani walinishika mkono kunishukuru, hata wale ambao hawakupaswa kula sukari. Saga nayo ilipikwa na wachache, na walionipigia simu walipiga kulalamika. Mwenyekiti alinisubiri mlangoni.

"Mwalimu, bana, mzee wangu alimeza kijiko kimoja akaniuliza kama nimechoka naye."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Alikuwa ameniomba kitu kimoja, chakula ambacho mumewe angeweza kukila akakifurahia, nami nimempa keki.

Shule zilipofungwa mwezi wa nane, mama mkwe aliteleza shambani akaumia kifundo cha mguu, nikaenda kumsaidia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kwake zaidi ya siku moja bila harusi wala msiba. Siku ya kwanza, yeye akiwa ameketi, aliniamuru nipike saga. Nilipika, nikashika mwiko nipakue.

"Weka huko kona," akasema. "Leo tunakula mayai."

Kesho yake aliniambia niipashe, niongeze maziwa, nifunike. Tukala maharagwe. Siku ya tatu nilitia malai, ule utando wa juu wa maziwa, ikachemka polepole hadi ikakolea, na alipoonja akatikisa kichwa kukubali. Nilionja mimi pia. Ndiyo hiyo.

"Mama, ile Jumamosi nilipokuja na mizani, tulikula ipi?"

"Ulikula ya Alhamisi. Hiyo ulipima nilikula na majirani baadaye."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza vijiko. Hukuniuliza siku." Kisha, akiangalia mguu wake, "Na wewe ukija hapa, jioni umeshaenda. Ati sasa mimi nifunze saa ngapi?"

Nilitoka nje nikasugua sufuria kwa hasira, kidogo kwake, nyingi kwangu mwenyewe.

Niliporudi Kitale niliandika marekebisho nikayatuma kwenye kundi la simu la akina mama. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikafafanua kila kitu. Mmoja akajibu kwa kidole gumba. Mwingine akauliza kama keki inaweza kupikwa kwa jiko la gesi. Nilimpigia mwenyekiti mwenyewe.

"Siku tatu?" akasema. "Mwalimu, nani ana siku tatu za mboga? Mzee alishakataa, hataki hata kusikia jina lake."

Nikamwambia nitaipika mimi nimpelekee. Akasema nijaribu. Wiki iliyopita nilianza Jumatano. Siku ya pili niliitwa mkutano wa wazazi shuleni, nikaipasha mbio mbio moto ukiwa mkali, maziwa yakakatika yakawa mabonge. Nilikuwa nimesimama mbele ya sufuria hiyo, sijui niimwage au niiokoe, mama mkwe, niliyekuwa nimemsimulia habari za mumewe mwenyekiti, akapiga simu kuuliza mboga ya mgonjwa imefika wapi.

"Imeharibika, Mama."

"Anza ingine," akasema, akakata.