Kitambaa Chekundu Kwenye Banda la Njiwa

Fundi saa wa mtaa wetu, hapa Ng'ambo mjini Tabora, amefariki. Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii watamkumbuka, kwani nimewahi kumzungumzia mara moja au mbili bila kumtaja jina, na leo pia sitamtaja, maana mwenyewe alichukia kuandikwa. Alikuwa akisema gazeti linafaa sana kutandikwa chini ya banda. Habari ya kifo chake ilinifikia saa mbili asubuhi nikiwa nabadilisha maji ya njiwa wangu, nikabaki nimesimama na ndoo mkononi nisijue niimwage wapi. Kubadilisha maji kila asubuhi nilifundishwa na yeye. Kabla ya kumfahamu, nilikuwa naongeza tu maji mapya juu ya yale ya jana na ya juzi, nikijiona mfugaji.

Hakusomea mifugo hata siku moja. Maisha yake yote alitengeneza saa, na watu walipoanza kutazama saa kwenye simu zao, kibanda chake cha sokoni kikabakiwa na saa za ukutani za misikiti na makanisa, nazo zikawa zinaharibika mara chache mno. Ndipo akageukia njiwa, ambao alikuwa amewafuga tangu ujana wake. Alikuwa na mkono usiotetemeka na ile lenzi nyeusi ambayo mafundi saa huibana jichoni. Kwa lenzi hiyo alichungulia koo la njiwa akitafuta utando mweupe, akapekua mbawa akitafuta utitiri, akaangalia ndui kwenye kope za makinda. Watu wakaanza kumwita daktari wa njiwa. Alikataa jina hilo, ila alikuja kila alipoitwa.

Tulijuana kwa sababu ya aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita njiwa wangu mmoja alipinda shingo, akawa anatazama mawinguni, na kila alipodonoa mtama alidonoa pembeni. Mnaofuga mnajua kinachosemwa huku kwetu: njiwa hawakai kwenye nyumba isiyo na amani. Wakihama au wakifa, mtaa mzima unaelewa kwamba baba na mama wa nyumba ile hawaivi. Na niseme ukweli, wakati ule mimi na mke wangu tulikuwa hatuivi. Basi nikaficha. Kila aliyekufa nilimfukia nyuma ya choo kabla majirani hawajaamka, na jirani yangu aliponiuliza mbona banda liko kimya, nilimwambia wameenda kula mashambani. Nilipoona wanakwisha ndipo nikamweka mmoja kwenye kikapu, nikamfunika kanga, nikaenda kwa fundi saa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Wamekufa wangapi?"

"Huyu ndiye wa kwanza kuumwa."

Akabana lenzi jichoni. Akamfungua njiwa mdomo, akamnusa, akatazama kinyesi cha kijani kilichoganda mkiani. Kisha akainua uso akanitazama mimi, lenzi ikiwa bado jichoni.

"Nakuuliza tena, Mwalimu. Wangapi?"

"Saba."

"Haya. Sasa tunaweza kuanza. Na nyumbani mnagombana?"

Nikaanza kukunja kanga. Akacheka kicheko chake kile cha kukohoa.

"Gombaneni tu. Njiwa hawajui ugomvi wenu. Wanajua maji machafu, na wanamjua yule mgeni mgonjwa uliyemnunua mnadani ukamchanganya nao siku hiyo hiyo."

Sikuwa nimemwambia habari za mnada. Nilitoka pale nimevuliwa nguo, lakini njiwa wangu watano waliobaki walipona au hawakuugua kabisa, na tangu siku hiyo nikawa mtu wake. Mafundisho yake yalikuwa mepesi na ya kuchosha. Mgonjwa atengwe. Aliyekufa achomwe au azikwe shimo refu lenye chokaa. Kinyesi kikwanguliwe, na anayefagia azibe pua na mdomo. Chanjo ya mdondo, ugonjwa huo wa kupinda shingo, chanjo ile ya tone moja jichoni, aliifuata dukani yeye mwenyewe na kuitembeza mtaani ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Alikuwa mkali sana kuhusu chupa hiyo. Ukimwita wakati shingo zimeshaanza kupinda, hakuifungua. "Chanjo ni ya mzima," alisema. "Huyu wako mpe joto, mlishe kwa mkono, subiri. Dawa yake sina, na anayekuuzia dawa yake anakudanganya." Watu hawakupenda jibu hilo. Walitaka kichupa, yeye akawapa ufagio.

Lakini sheria iliyomgharimu zaidi ilikuwa moja: njiwa anayeingia nyumbani, awe wa kununuliwa au wa zawadi, akae peke yake siku ishirini na moja. Kwa kazi hiyo alikuwa na kizimba kidogo mbali na banda, alichokiita chumba cha wageni. Na banda lolote lenye ugonjwa alilifunga kitambaa chekundu mlangoni. Maana yake haingii njiwa wala hatoki njiwa, mpaka yeye mwenyewe akifungue. Nilikuwepo siku shemeji yake, mrina asali wa Ipole, alipomletea jozi ya njiwa weupe pamoja na dumu la asali. Mzee alishukuru sana, akaipeleka asali ndani na njiwa chumba cha wageni. Shemeji akauliza kwa nini njiwa wake hawakuwekwa na wenzao. Akaelezwa, kwa upole kabisa. "Yaani nimekuletea maradhi?" akasema. Akainuka, akaondoka chakula kikiwa mezani. Siku ya kumi na mbili mmoja wa wale weupe alikufa, shingo ikiwa imegeukia mgongoni, na banda zima likasalimika. Ungedhani hiyo ingemaliza maneno. Hapana. Shemeji alipopata habari alisema njiwa wake amekufa kwa upweke, na hawakusalimiana tena mpaka siku ya msiba, ambapo mmoja wao hakuweza tena kusalimia.

Nimelifikiria jambo hili sana wiki hizi. Mji wetu umejengwa na wapitaji. Misafara ilitua hapa ikitoka pwani na ikitoka ziwani, watu wakala, wakalala, wakaoa, wakaacha lugha na mbegu za miembe. Tumerithi kutoka kwao adabu moja kubwa, kwamba mgeni anaingizwa ndani saa ile ile na analishwa sahani moja na wenyeji. Kumweka mgeni kando ni tusi. Na mtu huyu, katika mji huu, alituomba tumweke mgeni kando kwa siku ishirini na moja. Tulimpenda, tulimwita, tulimpa chai. Hilo moja tu hatukulikubali moyoni, na hata sisi tulioonekana tumelikubali tulikuwa tunamridhisha yeye.

Kikohozi chake alituambia ni vumbi la banda, nasi tuliona ajabu mtu aliyewakagua njiwa wa watu koo lote asimruhusu mtu amkague yeye kifua. Alipolazwa hospitali alikuwa ameshachelewa, kwa maneno yake mwenyewe. Nilikwenda kumwona. Aliongea kwa shida, na alichoongea ni njiwa. "Tangu kifua kinishike chanjo imesimama, na wangu wawili wamepinda," aliniambia. "Nimefunga kitambaa. Uangalie wasikifungue." Nikamwahidi. Siku ya nne akafariki.

Msibani nilikuta watoto wake hawasemezani. Mmoja alitaka baba azikwe hapa mjini, mwingine alitaka apelekwe Choma kwa ndugu zake, na maneno yalikuwa yameshasikika mpaka barabarani. Alizikwa hapa. Siku ya kuanua matanga, akina mama wakiwa wanasafisha uwanja, niliona mmoja wao akifika kwenye banda, akakitazama kile kitambaa kilichopauka na kujaa kinyesi, akakifungua na kukitupa kwenye takataka. Nilikuwa nimekaa hatua kumi kutoka pale. Nilichotakiwa kufanya ni kusimama na kusema njiwa hawa wanaumwa. Lakini kusema hivyo, mbele ya ukoo wote, kwenye nyumba ambayo watoto wanagombana, kungekuwa ni kuwaambia watu kwamba hata njiwa wameona nyumba hii haina amani. Ndivyo wangesikia. Nikaona aibu kwa niaba ya wafiwa. Nikatazama kikombe changu.

Baadaye mjane akatoka na kusema hawezi kuwatunza, na njiwa hawapendi nyumba ya kilio, kwa hiyo kila aliyempenda marehemu achukue jozi moja ya kumkumbuka. Wale wawili waliopinda hawakuonekana tena, na waliobaki kwa macho walikuwa wazima. Watu walilia. Kaka wa marehemu, mzee wa Choma, alichukua jozi mbili akaziweka kwenye kapu la safari. Shemeji wa Ipole, aliyekuwa amekuja kimya na kukaa mbali, alichukua moja akiwa anafuta machozi. Majirani wakachukua. Mjane akaniletea yangu mwenyewe mikononi. "Chukua, Mwalimu. Alikuwa akikusema sana." Ningewezaje kukataa? Nikawabeba nyumbani, nikafika mbele ya kizimba changu cha wageni, nikashindwa kuwafungia humo njiwa wa mtu yule siku tatu tu baada ya kumzika. Nikafungua banda kubwa, nikawaingiza pamoja na wangu.

Siku ya tisa shingo ya kwanza ilipinda. Nilichukua kanga na kikapu, na nilikuwa nimeshakata kona ya kwenda kwake ndipo nikakumbuka.

Jioni ile ile simu iliita. Alikuwa mzee wa Choma. Alinisalimia kirefu, akauliza mvua, akauliza watoto, kisha akasema, kana kwamba limemjia sasa hivi, "Na wale njiwa wa marehemu, wako wazima huko?" Nilisikia sauti yake, nikaijua, kwa sababu niliwahi kuwa nayo mimi. Alikuwa anafukia njiwa na anaona haya. Kulikuwa na swali rahisi kulijibu kwa ukweli kuliko hilo? Nikamjibu, "Wazima kabisa, mzee." "Na hapa hivyo hivyo," akasema. Tukaagana. Kesho yake nilipiga mimi, nikamwambia ukweli wote. Akasema wamekwisha, wake na wa marehemu, ila kabla hawajaanza kufa mpwa wake alishabeba jozi moja kwenda nayo Usinge. Namba ya mpwa hakuwa nayo.

Kwa hiyo somo lipo, ingawa silitoi kwa furaha. Marehemu alifanya kazi miaka mingi ili ugonjwa usitoke banda moja kwenda jingine, na sisi tuliompenda ndio tulioutawanya, kwa siku moja, kwa mikono yetu, tukiwa tunamlilia. Mtu akifa, tunachukua vitu vyake na kuacha maneno yake. Na ugonjwa unaofichwa kwa sababu ya heshima ya nyumba haujali nyumba ina heshima gani. Ukiwa na njiwa aliyetoka kwenye msiba ule, soma tena sentensi hii: mtenge leo, na waambie majirani.

Mimi nimefunga kitambaa chekundu mlangoni mwa banda langu, ambamo wamebaki watatu, na mmoja wa hao watatu anatazama mawinguni. Jana asubuhi jirani yangu alikiona. Akasogea mpaka uani, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa huruma ya kweli, kama mimi na mama watoto tumegombana. Nikamwambia hapana, njiwa wanaumwa, ni mdondo, na wake pia awachanje kabla haujafika. Akanishika bega. "Usijali, Mwalimu," akasema, "Mungu atawapatanisha."